Nafasi ya Jina

Al-Khuwair, ghorofa ya nne, saa sita usiku.
Kiyoyozi kinakohoa.
Mbele yangu karatasi ya amri, nembo juu,
kifungu cha kwanza kimekwisha kupigwa chapa:
*Anateuliwa*
                                        *kuwa Waziri wa Fedha.*
Wameniambia, Zuwena, acha nafasi.
Hawakuniambia ya ukubwa gani.

Majina ya kwetu marefu, yana bin na bin,
kabila linaning'inia mwishoni kama kishada cha kanzu.
Nikiacha vidole vinne atatosha Muhanna wa benki,
nikiacha vitano ataingia na babu yake.

Serikali imebadili mkono tangu Jumapili.
Picha ya zamani imeteremshwa,
mpya bado iko Ruwi kwa fundi wa fremu,
na baina yao msumari
na mraba wa rangi mbichi usiojua jua.
Tunapita tukiusalimu, mazoea tu.

Sheikh Hamdun alikuja alasiri kuchukua vyake:
miwani ya akiba, mswala, kikombe kisicho na mkono.
Miaka kumi na tisa alitukaripia kwa tarakimu ya tatu.
Riyali ina baisa elfu, akisema,
baada ya nukta kuna watoto watatu,
na asiyemjua kitinda mimba
asiniletee habari za kaka yake.
Tulimcheka pembeni. Baisa moja!
Hainunui hata njiti ya kiberiti.
Akaacha ufunguo wa mtoto wa meza juu ya faili langu.
Hakusema nimpe nani.

Simu hazikomi tangu magharibi.
Shemeji wa mtu fulani anauliza kama nimekula.
Niliyesoma naye Nizwa, miaka saba hatujasemezana,
ameniota, anasema, ndoto njema.
Kila mmoja ana jina mfukoni
na anatafuta tundu kwenye karatasi yangu:
Muhanna, maana mabenki yanamchekea meno nje;
Mhandisi Ghasib, maana anajua mafuta yanalala wapi
(na bei yake? bei hulala kwa watu).
Daktari Raya bint Khalfan wa mfuko wa pensheni
hakupigiwa simu na yeyote.
Ila Shaji, akipiga deki chini ya miguu yangu,
kwa Kiarabu chake cha kukwaruza:
"Yule mama alitulipa tarehe ishirini na tano,
hata ilipoangukia Ijumaa."
Akakamua tambara, akaenda zake.

Baada ya isha nilikuwa nimempigia mama, Wadi Kabir,
asinisubiri.
"Wanachagua?"
Nimeapa, nikanyamaza.
"Basi waambie," akasema, kana kwamba mimi ni wa kuwaambia,
"waulize nani kati yao amewahi kukopa unga.
Mali bila daftari huisha bila habari,
lakini daftari bila haya, mwanangu,
hilo humaliza hata watu."
Kisha akauliza petroli itapanda lini.

Saa nane na robo simu ya mezani.
Sauti ikataja jina na jina la baba, basi,
ikakata.
Nikaandika. Nikafuta, nikaandika tena,
vidole vilikuwa vimeingiwa na baridi.
Nafasi ikabaki wazi pande zote mbili,
jina limekaa katikati kama mgeni wa sebule kubwa
ambaye hajaambiwa viatu avulie wapi.
Ningeweza kuibana.
Nikaipeleka hivyo hivyo ikatiwe saini.

Asubuhi akaja, abaya ya kila siku,
begi limekufa zipu.
Msumari hakuutazama.
Nikampa ufunguo, akafungua:
hamna barua, hamna siri ya dola,
sarafu moja tu ya baisa tano
na vumbi lake.
Akaigeuza geuza penye mwanga wa dirisha.
"Hii imo daftarini?"
Nikasema sijui.
Akavuta kiti.
"Kalamu," akasema.